Upande wa Nyuma wa Lebo

Mimi siasa za nje nazisoma kwenye maboksi.
Mwaka wa kumi na moja huu niko kiwandani, Igogo,
chumba cha kufungashia, baridi ya kung'ata kucha;
minofu ya sangara inapita mbele yangu juu ya mkanda
na mkono wangu unabandika: pa, pa, pa.

Lebo za kwanza zilikuwa na herufi ninazozijua.
Kisha huko mbali kukazuka vita.
Redio ya mlinzi ilitaja miji,
tukaitamka vibaya, tukaisahau.
Sisi vita tulivijua kwa bei ya mafuta ya kula,
kwa chapati ya Mabatini iliyonywea ikatosha kiganjani,
na kwa Nkwabi, msimamizi, asubuhi moja:
"Acheni kubandika."

Siku tisa hatukubandika.
(Mabondo yaliendelea kusafiri. Mabondo yana mnunuzi wake.)

Siku ya kumi zikaja lebo mpya,
herufi kama zimeandikwa kwenye kioo,
R imegeuka, inatazama ilikotoka.
Nikaelewa: dola iliyofungiwa milango na majirani
imekumbuka kwamba ziwa nalo lina mlango.

Shemeji yangu Bituro anatengeneza majokofu Makoroboi.
Alisomea huko, masika sita ya theluji,
zama zile dola ilipotaka rafiki kila bandari.
Alirudi na cheti chenye muhuri mwekundu
na kofia ya manyoya.
Halafu dola ikachoka, ikafunga maktaba yake, ikaenda zake.
Aliandika barua nne.
Kofia, mkewe aliigeuza kiota;
kuku wa Kisukuma wameanguliwa
ndani ya baridi ya watu.

Sasa gari jeupe limesimama Makoroboi, vioo vyeusi,
linauliza jina lake. Liko kwenye orodha.
Miaka thelathini na minne, mchwa hawakuigusa orodha.

Nami nikapelekwa, kushika boksi mbele ya kamera.
Hoteli ya Capri Point, zulia linameza kiatu.
Dirishani lile jiwe la Bismaki, mguu mmoja majini,
bado limebeba jina la dola nyingine
iliyokuja, ikapigana, ikaondoka.
Jiwe halikuulizwa.

Mjumbe alikuwa kijana, tai ya buluu.
Akasema sana: ngano, vyuo, meli,
kanda, ukurasa, zama mpya.
Bituro akasikiliza, akameza mate, akatafsiri:
"Wanasema wanatuhitaji."
Nkwabi akakohoa.
Mjumbe akasema tena, marefu kuliko mwanzo.
"Wanasema hawakuwahi kuondoka."
Hapo hata mpiga picha aliinua kichwa.

Kisha shemeji akauliza jambo lake, kwa lugha yao,
pole pole, kama anayepapasa swichi gizani.
Mjumbe akatabasamu, akatazama simu yake,
akajibu kwa sauti ya hotuba.
Jibu hilo Bituro hakulitafsiri.

Tukingoja kivuko cha Kamanga nilimbana: uliuliza nini?
"Nyuma ya bweni letu palikuwa na duka la mikate.
Mama mmoja, Zinaida, alitukopesha hadi mwisho wa mwezi.
Nimeuliza kama lipo."
Na yeye?
"Kasema ushirikiano utaimarishwa."

Leo Jumatatu. Mkanda unapita.
Nkwabi amenong'ona kuna mazungumzo, huko, ya kusimamisha vita,
na milango ya majirani inaanza kulegea bawaba.
Sijui. Nimeona tu
kwamba boksi la lebo wameleta nusu.

Zile za zamani hatuzitupi; nazichukua nyumbani,
upande wa nyuma ni mweupe, kalamu inashika.
Jikoni kwangu zimetundikwa kwenye msumari:
Mama Holo, dagaa, sado mbili, hajalipa.
Bituro, gesi ya jokofu, alfu thelathini,
hajalipa.
Nikizigeuza naona miji.
Sizigeuzi.